Mkeka Uliochanwa na Timu Moja

Wasomaji wangu, barua za mwezi huu nimezisoma usiku baada ya zamu, na nne kati yake zimekutana kwenye jambo lile lile: mtu anaumia, anajua anaumia, na kesho anarudia. Huu ni mwaka wangu wa 26 katika uuguzi wa afya ya akili, na miaka ya karibuni nipo kwenye dirisha la methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa unga, yaani heroini, hapa Dar es Salaam. Swali hili limeingia mpaka nyumbani kwetu, na nitalifikia mwishoni.

*Shikamoo mama. Mume wangu ni dereva wa bodaboda. Ana akili timamu, shuleni alikuwa akishika namba moja. Tangu mwaka juzi anabeti. Kila jioni ni wimbo ule ule: mkeka wake, lile dau la mechi kadhaa kwa pamoja, umechanwa na timu moja tu. Friji tumeuza. Nikimwuliza kama hajifunzi, ananyamaza. Huu ni ubishi, ni pepo, au ni mimi nisiyejua kumsemesha? – Mama wa watoto wawili, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa friji, na pole zaidi kwa huo ukimya.

Nianze na kitu ambacho naamini kimekwisha kukutokea wewe mwenyewe. Umewahi kutuma pesa kwa simu, ukakosea tarakimu moja, na kabla kidole hakijanyanyuka kwenye kitufe moyo ukashtuka? Hakuna aliyekuambia. Meseji haijaingia. Umejua tu. Hiyo ni kengele ya kosa, na kila binadamu anayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Ujerumani na wa Marekani waliokuwa wakipima umeme wa ubongo kwa vifaa vya kubandika kichwani waliinasa: mtu akibonyeza kitufe kisicho, ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde hivi wimbi la umeme linaruka kutoka ukanda ulio katikati ya ubongo wa mbele. Mdomo haujasema "lo!", ubongo umeshasema.

Kengele hiyo ina mwenzake, na huyo ndiye anayetuhusu zaidi: dopamini. Watu wengi huiita kemikali ya raha, nami niliwahi kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi hivyo hivyo. Nisahihishe hapa. Dopamini hupima tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata. Wolfram Schultz, akifanya kazi Uswisi, alikuwa akisikiliza chembe moja moja za neva ndani ya ubongo wa tumbili wanaopewa matone ya sharubati. Sharubati ikija bila kutarajiwa, chembe za dopamini zilipiga kwa kasi. Tumbili akishajifunza kwamba taa ikiwaka sharubati inakuja, zilipiga taa inapowaka, na sharubati yenyewe ikawa jambo la kawaida. Taa ikiwaka na sharubati isije, chembe zile zilinyamaza, tena kwa wakati ule ule ambao sharubati ilipaswa kufika. Kunyamaza huko ndilo somo. Ubongo unaandika: hapa palikuwa na ahadi, ahadi imevunjwa, kesho usipaamini sana.

Nani anazinyamazisha? Mwaka 2007 Masayuki Matsumoto na Okihide Hikosaka, wakiwa Marekani, walionyesha kwamba ni kijisehemu kilicho katikati kabisa ya ubongo, kimoja kulia na kimoja kushoto, kila kimoja kama punje ya choroko. Kinaitwa habenula. Ni neno la Kilatini, na maana yake ni hatamu ndogo. Waliolitoa jina hilo walitazama umbo lake tu, hawakujua kazi yake, lakini mimi naona walipatia kuliko walivyojua: tumbili akitambua kwamba safari hii hakuna sharubati, habenula inapiga kelele, na dopamini inavutwa nyuma kama punda aliyekazwa hatamu.

Sasa mumeo. Hatamu anayo. Tatizo ni kwamba mchezo alioingia umetengenezwa namna ambayo hatamu haikazwi pale inapopaswa.

Chukua mkeka wa mechi nane. Tuseme mumeo ni hodari kweli wa mpira, na katika kila mechi ana uwezekano wa kupatia mara 6 kati ya 10. Mkeka mzima utatiki, yaani mechi zote nane kwenda alivyotabiri, takriban mara 1 katika 60. Lakini kuchanwa na timu moja tu kutamtokea takriban mara 1 katika 11. Piga hesabu hizo na mwanao wa shule akuthibitishie. Yaani kwa kila mkeka mmoja unaotiki, zaidi ya mitano itakosa kwa timu moja. Mumeo hadanganyi anapokuambia ni timu moja tu. Ni kweli, na ni hesabu inayolazimisha iwe hivyo.

Na hapo ndipo ubongo unaponaswa. Mwaka 2009 Luke Clark na wenzake wa Cambridge waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakicheza mchezo wa bahati. Walipokosa kwa nukta moja, walisema hawakufurahi, lakini hamu ya kuendelea iliongezeka, na sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda ziliamka pia. Mwili umepoteza pesa, ubongo umeandika "nilikaribia". Mtu anayejifunza kupiga mpira golini, kukaribia kunamfundisha kitu, mguu unajirekebisha. Kwenye mkeka hakuna mguu wa kurekebisha. Beki wa timu fulani huko Ulaya ameshika mpira dakika ya 89, mumeo atajifunza nini kutokana na hilo? Anajifunza kumlaumu beki.

Kuna na jambo la wakati. Kengele ya kosa hufunga somo kwenye kile kilichotangulia sekunde chache nyuma. Mkeka unawekwa saa nne asubuhi, kodi inadaiwa mwisho wa mwezi. Uchungu wa kodi unapofika, ubongo unamwona mwenye nyumba, hauoni mkeka.

Kwa hiyo kumwambia "hujifunzi" hakusaidii, mwanangu, na kumwambia usiku ule ule aliochanika ni kubaya zaidi, maana maumivu yanatafuta dawa na dawa anayoijua ni mkeka wa kesho. Mngoje siku iliyotulia. Mwombe anunue daftari la mia tano, aandike kila dau kabla ya kuliweka na kila kilichorudi, na asiweke safu ya "nilikaribia". Kuna kilichotoka na kilichoingia, basi. Kila jioni ajumlishe yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Unausogeza uchungu karibu na kitendo. Halafu mkubaliane pesa ya siku ifike wapi: akishatoa hesabu ya bosi wa pikipiki, inayobaki isilale kwenye simu yake. Programu za kubeti azifute mbele yako, na aombe akaunti zake zifungwe.

Deni lake usililipe kimyakimya kwa pesa ya vikoba. Najua umewahi, au umefikiria. Ukilipa bila yeye kujua, umemwondolea hata ile kengele moja iliyobaki.

Na akianza kusema maneno ya kukata tamaa, kwamba bora asingekuwepo, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili, mwambie muuguzi maneno hayo kama alivyoyasema.

*Mama, sigara yangu ya kwanza ilinitapisha nyuma ya bweni. Leo, miaka minne baadaye, nafika kumi kwa siku. Mwili ulinikataza, kwa nini umeacha kunikataza? – Mwanachuo, Morogoro*

Swali lako fupi, na nimelipenda. Kule kutapika ndiko kulikuwa kukatazwa, na njia mojawapo ya katazo hilo inapita kwenye habenula ile ile niliyoitaja juu, upande wake wa ndani. Mwaka 2011 Christie Fowler, Paul Kenny na wenzao walionyesha jambo hili kwa panya. Panya wa kawaida wakipewa uhuru wa kujipatia nikotini, kipimo kikiwa kikubwa hupunguza wenyewe. Mwili unasema yatosha. Panya waliokosa kipokezi kimoja cha nikotini, yaani mlango wa chembe unaoipokea, hapo kwenye habenula waliendelea tu kujipa, kipimo kikubwa kama kidogo. Waliporudishiwa kipokezi mahali pale, wakapunguza. Na wapo binadamu wanaozaliwa na kipokezi hicho kikiwa dhaifu. Hao wakianza kuvuta huelekea kuvuta zaidi, na hatari ya saratani ya mapafu kwao ni kubwa zaidi.

Kwako wewe, mwili ulizoea sumu uliyoipa kila siku, na kila sigara ikaanza kuondoa udhia ulioletwa na ukosefu wa sigara. Ndiyo maana ile ya asubuhi unaiona tamu kuliko zote. Mwili wa miaka yako unapona haraka. Chagua tarehe, mwambie mwenzako wa chumba, na siku tatu nne za mwanzo usizipangie mtihani wala ugomvi.

*Mheshimiwa muuguzi, baba yangu ana miaka 68, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, hajawahi kununua hata tiketi ya bahati nasibu. Miaka miwili iliyopita aligundulika na ugonjwa wa Parkinson, akaanzishiwa dawa na kutetemeka kukapungua. Mwaka huu tumegundua anabeti usiku kwa siri, na pensheni imekwisha. Ndugu wamekaa kikao wanasema amerogwa, wengine wanasema uzee umemfunua tabia. Mimi naona aibu hata kuandika. – Binti yake, Moshi*

Dada, toa aibu. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, tafuta vile vikasha vya dawa za baba usome majina. Ukikuta pramipeksoli au ropiniroli, au dawa nyingine ya jamii hiyo inayoigiza dopamini, nenda naye kwa daktari wiki hii na umweleze kila kitu mbele ya baba, kwa heshima. Kucheza kamari bila kujizuia ni athari inayojulikana ya dawa hizo. Madaktari wameiandika kwa miaka mingi, kwa watu ambao kama baba yako hawakuwahi kucheza maishani.

Sababu inatoka kwenye yale yale niliyomweleza mama wa Mbagala. Somo la kosa linaandikwa dopamini inaposhuka. Mwenye Parkinson chembe zake za dopamini zimekufa nyingi. Dawa inaziba pengo, mwili unatembea. Lakini dawa iko pale mfululizo, na lile bonde linalopaswa kuonekana mtu anapokosea linafukiwa. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake waliwapa wagonjwa wa Parkinson mchezo wa kuchagua kati ya alama za maandishi ya Kijapani, baadhi zikilipa zaidi ya nyingine. Wasiokuwa wamemeza dawa walijifunza vizuri zaidi kukwepa alama mbaya. Waliomeza walijifunza vizuri zaidi kufuata alama nzuri. Ugonjwa ule ule. Kidonge ndicho kilichobadilisha upande ambao somo linaingilia.

Tafadhali msimwachishe dawa nyumbani kwa ghafla, ni hatari. Daktari anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha, na mara nyingi hamu hiyo huondoka. Wakati huo mwombeni baba awakabidhi simu ya benki kwa muda. Na kikao cha ukoo kiitwe tena, kisomewe jibu hili baba akiwepo. Mzee aliyefundisha watoto wa watu miaka yote hiyo hastahili kuzikwa na jina la mcheza kamari kwa sababu ya kidonge.

*Habari mama. Niko kwenye methadoni mwezi wa nane, unga sijagusa. Nimenenepa, bi mkubwa ananiachia funguo. Ila nikitoka kliniki daladala inanishusha karibu na kijiwe changu cha zamani. Wiki iliyopita nilisikia harufu ya kokteli, ile sigara ya bangi na unga, tumbo likaanza kunyonga, miayo, makamasi, kabisa kama alosto, yale mateso ya kukosa unga. Na dozi nilikuwa nimekunywa asubuhi hiyo hiyo. Dawa imeacha kufanya kazi? Au mimi ni teja mpaka kufa? – Kijana wa Temeke*

Mwanangu, salama. Hilo neno la mwisho sitalirudia.

Ulichokipata kina historia. Miaka ya 1940, daktari Abraham Wikler alikuwa akiwatibu waraibu katika hospitali ya Lexington, Kentucky. Wagonjwa waliokwisha kutoka kwenye unga zamani, wakikaa kuzungumzia dawa, walianza kupiga miayo na kutokwa machozi kama wenye alosto. Hawakuwa na kitu mwilini. Ubongo ulikuwa umejifunza kwamba maneno yale hutangulia dozi, ukaanza kujiandaa. Pua yako imefanya hivyo hivyo. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya saa 24, na kama ulikunywa asubuhi, alosto ile ilitoka kwenye kumbukumbu. Hata hivyo mwambie muuguzi wako dirishani kesho. Pengine dozi inahitaji kuangaliwa, na hilo si la kuonea haya.

Unga una hila moja ambayo ningependa uielewe, maana ukiielewa hutajiona mpumbavu tena. Kumbuka wale tumbili: sharubati ikizoeleka, dopamini haishangai tena. Chakula, soda, hata mpenzi, ubongo huzoea. Unga hauingilii mlango huo. Unasukuma dopamini kwa nguvu ya kemikali kila ukiingia, hivyo kila kete ubongo unaandika "hii ni bora kuliko nilivyotegemea", hata kama wewe mwenyewe ulikuwa unalia unapoivuta. Miaka kadhaa ya maandishi hayo haifutiki kwa miezi nane. Pavlov aligundua zamani kwamba mbwa aliyeacha kutoa mate kengele inapolia bila chakula, akipumzishwa, mate hurudi. Somo la zamani lilikuwa limefunikwa na jipya, na jipya lina udhaifu mmoja: limeshikana na mahali lilipojifunziwa. Wewe umejifunza kuishi bila unga kliniki na kwa bi mkubwa. Kijiweni bado hujajifunza.

Mahali ni kitu kikubwa sana. Lee Robins, wa St. Louis, aliwafuatilia askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Takriban mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini kule. Serikali iliogopa watajaza mitaa. Katika mwaka wa kwanza nyumbani, waliorudia uraibu kati yao walikuwa kama 5% tu. Hawakuwa malaika. Waliacha nyuma kambi, joto, wenzao wa kuvuta, na kila harufu iliyowaita.

Sasa nikueleze la kwetu, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu.

Mdogo wangu alivuta unga tangu 1998. Alikuwa akilia mbele ya mama, anaapa, na kesho yake redio haipo. Nilimwita hana haya. Mimi, muuguzi, nilimwambia mbele ya wajomba kwamba machozi yake ni ya mamba. Leo najua yale machozi yalikuwa ya kweli, na nabeba neno lile. Mwaka 2003 tulimpeleka Tanga vijijini kwa mjomba. Akakaa miezi mitano, akalima, akanenepa kama wewe. Tukashangilia, tukamrudisha Kinondoni, nyumba ile ile, mtaa ule ule, chumba kile kile chenye dirisha linalotazama maskani. Siku ya tatu tulimkuta. Alikuwa amechukua kipimo chake cha zamani, na mwili wa miezi mitano haukuwa na kinga tena ya kipimo kile. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011. Yeye alikuwa na miaka minane kaburini.

Ndiyo maana nakuomba mambo mawili kwa uzito wote nilio nao. La kwanza, ikitokea umeteleza, hata mara moja, usiwe peke yako na usirudie kipimo cha zamani. Rudi kliniki siku hiyo hiyo, hatutakufukuza wala kukusema. Mwambie na bi mkubwa: akikukuta huamki, pumzi zinakuja kwa mbali, midomo imebadilika rangi, asimwage maji wala asingoje. Akukimbize hospitali na awaambie ni unga, kuna dawa inaitwa naloksoni.

La pili ni daladala. Kesho usishuke kituo hicho. Endelea mpaka kinachofuata, ushuke, urudi kwa miguu kwa barabara ya nyuma. Utachelewa robo saa, na jua la saa tano ni kali, chukua kofia. Fanya hivyo mpaka tutakapopanga, wewe na mnasihi wako, siku ya kupita kijiweni mkiwa wawili. Na uniandikie mwezi ujao, uniambie huko barabara ya nyuma kuna nini.